Kilo ya shaba na mgongo wa anayeitoa

Kompresa ya friji la nyumbani ina uzito wa kilo 7 hadi 10, na vyote vilivyomo vimefungiwa ndani ya ganda la chuma lililochomelewa kuzunguka kiunoni, bila skrubu hata moja. Aliyeitengeneza hakukusudia ifunguliwe tena. Kwa hiyo anayeitaka shaba iliyomo huilaza mchangani, akaikanyaga kwa mguu wa kushoto ili isiviringike, akainama mpaka kifua kikaribie goti, akashika tindo kwa mkono mmoja na nyundo kwa mwingine, akaufuata ule mshono wa kuchomelea pigo baada ya pigo. Mafuta yaliyosalia ndani huanza kuvuja mapema, kabla ganda halijaachia. Tindo inateleza, na vidole vinalazimika kuikaza mara mbili ya ilivyokuwa mwanzo. Ganda likifunguka, hatua inayofuata ni kuchukua kisu na kukwangua rangi ya waya. Wekundu ukitokea, ni shaba. Ukitokea weupe, ni alumini iliyopakwa rangi ya kufanana na shaba, na jasho lote lile limelipwa kwa bei ya sufuria.

Kazi hiyo niliifanya kwa miezi saba nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa, nikisubiri matokeo ya kidato cha sita na baadaye nafasi ya chuo, kwenye uwanja wa skrepa wa mjomba wangu pembezoni mwa Dar es Salaam. Leo ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nimewatibu madereva, wauguzi, wapiga zege na wachezaji wa mpira, na bado naamini kwamba sijaona kazi inayoudai mwili kwa namna nyingi tofauti kwa siku moja kama ile ya kuvunja vifaa vya umeme. Naandika kuhusu mwili huo kwa sababu katika mazungumzo yetu ya taka za kielektroniki haupo.

Yanayozungumzwa ni sumu. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa zilizotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Kila takwimu hizi zinapotajwa, picha inayoambatana nazo ni kijana amesimama mbele ya moshi mweusi wa nyaya zinazoungua. Picha hiyo ni ya kweli. Kioo cha televisheni za chogo kina risasi, taa za nyuma za vioo bapa vya zamani zina zebaki, na moshi wa plastiki ya nyaya haufai kuvutwa na kiumbe yeyote. Lakini moshi unapigika picha, na pingili za mgongo hazipigiki. Mtu anayeinama juu ya kompresa, ukimpiga picha, anaonekana mchapakazi tu.

Kabla ya kuvunja kuna kukusanya, na hapo napita haraka ingawa wakusanyaji wenyewe hawapiti haraka. Anayezunguka mitaani akiita vyuma chakavu hutembea tangu asubuhi, kwanza na kiroba begani, kisha na mkokoteni au guta akipata mtaji. Kiroba hukaa bega lilelile kila siku, kwa sababu bega la pili ndilo la mkono wa kupokelea, kupimia na kulipia. Walipokuwa wakiingia uwanjani jioni ningeweza kukuambia nani anabeba kulia na nani kushoto kwa kutazama shati linavyoning'inia.

Televisheni ya chogo ya inchi 21 ina zaidi ya kilo 20, na ubaya wake si kilo hizo peke yake. Karibu uzito wote uko mbele kwenye kioo, huku nyuma kukiwa na kiboksi chepesi cha plastiki, kwa hiyo unayeibeba unaikumbatia kioo kikikuelekea kifuani, ama sivyo inakuvuta uanguke nayo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ina kanuni ya kukadiria uzito unaofaa kuinuliwa kwa mikono, inayoanzia kilo 23. Kiwango hicho ni cha hali nzuri kuliko zote: mzigo uko karibu kabisa na mwili, kwenye usawa wa kiuno, una pa kushika, nawe hujipindi. Sasa uweke mzigo huohuo chini mchangani na kitovu chake kiwe sentimeta 50 kutoka kwenye vifundo vya miguu, kama ilivyo kwa televisheni unayoinamia, kisha uinue hadi usawa wa kiuno. Kilo 23 zinashuka na kuwa karibu kilo 8. Bado hujahesabu kwamba unaiinua mara thelathini kwa siku, wala kwamba mikono ina mafuta.

Ukitaka kujua kilo zilizobaki zinakwenda wapi, utazame mzani. Pale uwanjani tulikuwa na mzani wa zamani wa jukwaa, wenye jiwe dogo la kusogeza juu ya mkono wa chuma. Jiwe lile lisilozidi ngumi liliweza kulingana na gunia zima kwa sababu lenyewe lilikuwa mbali na egemeo na gunia lilikuwa karibu. Mgongo ni mzani huohuo uliogeuzwa. Egemeo ni pingili za kiunoni. Misuli inayotuinua iko kama sentimeta 5 nyuma ya egemeo hilo, na mzigo ulioko mikononi uko sentimeta 40 mbele yake. Kila kilo moja ya mbele inadai kilo nane za mvuto wa misuli nyuma, kwa hiyo televisheni ya kilo 20 inadai 160, na zote hizo zinabanwa kwenye sahani laini zilizo kati ya pingili. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wenyewe, yaani kiwiliwili, mikono na kichwa, nayo imeinamishwa mbele na inadai chake. Ndiyo maana mtu anaweza kuumia mgongo kwa kuokota bisibisi. Hakuvunjwa na bisibisi; bisibisi ilimkuta mwishoni mwa hesabu.

Watafiti wa Ghana na Marekani waliofanya kazi kwenye soko la skrepa na taka za kielektroniki la Agbogbloshie mjini Accra, kabla soko lile halijabomolewa na serikali mwezi Julai 2021, walikuta kwamba maumivu ya chini ya mgongo ndiyo yanayotajwa kuliko mengine, na kwamba mkusanyaji, mvunjaji na mchomaji wa nyaya hawaumii mahali pamoja. Ukijua hilo hutaandaa semina moja kwa wote ya kufundisha watu kukunja magoti wanapoinua mizigo. Mvunjaji hainui sana. Shida yake ni kwamba ameshainama na hainuki.

Mwaka 1993 watafiti Lynn McAtamney na Nigel Corlett wa Nottingham, Uingereza, walichapisha njia ya kupima mikao ya kazi iitwayo RULA, inayompa mtu alama kuanzia 1 hadi 7 kwa kutazama pembe za shingo, kiwiliwili, mabega na vifundo vya mikono. Saba maana yake mkao ubadilishwe mara moja, si kesho. Nilipojifunza njia hiyo chuoni nilirudi uwanjani kwa mjomba na karatasi zangu, nikampima kila niliyemkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa au amechuchumaa. Nilipata saba, saba na saba, mpaka nikaona aibu ya kuendelea kuandika, kwa sababu kipimo kinachompa kila mtu alama ya mwisho hakina tena la kuwaambia.

Nilijaribu basi kuwauliza wenyewe. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alibuni kipimo cha juhudi kinachoanzia 6 na kuishia 20. Namba hizo zinaonekana za ajabu mpaka uelezwe kwamba ukizizidisha kwa kumi unapata takriban mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya: 6 ni mtu aliyepumzika, 20 ni mtu asiyeweza kuongeza hata hatua moja. Nilimsimamisha kijana mmoja aliyekuwa katikati ya kompresa, saa nane mchana, mwezi wa pili, jua la Dar likiwa pale lilipo mwezi wa pili. Nikamshika mkono nikahesabu mapigo yake: yalikuwa kama 140 kwa dakika. Nikamweleza kipimo, nikamuuliza kazi hii anaipa ngapi. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, akasema, "Tisa. Kaka, hii ni nyepesi. Nzito ni kubeba zege."

Kwa kipimo cha Borg tisa ni kazi nyepesi sana. Moyo wake ulikuwa unasema kumi na nne. Sehemu ya tofauti hiyo ni joto, kwa maana moyo hupiga zaidi ukilazimika pia kusukuma damu kwenda kwenye ngozi ili mwili upoe. Nyingine, nadhani, ni kwamba kijana yule alikuwa anajilinganisha na zege, wala si na kupumzika. Anayepima juhudi za watu wanaoishi kwa nguvu zao lazima aulize kwanza ni kazi gani nyingine waliwahi kufanya. Nasi wenye lugha hii tuna desturi ya kusema "mwili umechoka" kwa kila jambo kuanzia usingizi hadi mshipa wa fahamu uliobanwa, na neno likishabeba yote hayo, daktari naye hana la kushika.

Niliona matokeo yake kwa mtu niliyemfahamu. Alikwenda kituo kimoja cha afya mara tatu akisema kiuno kinamuuma, na mara zote tatu akarudi na vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu bila mtu kumuuliza anafanya kazi gani. Mara ya nne hakwenda. Alinunua mwenyewe dukani. Alivimeza asubuhi kabla ya kazi, wakati mwingine bila chakula, kisha akashinda juani akitoka jasho na maji akiyanywa kwa kikombe. Dawa hizo zikitumiwa hivyo kwa muda mrefu huchokoza tumbo na kuumiza figo, na mwili uliokaukiwa maji ndio unaoumizwa upesi zaidi. Kwa maneno mengine, mgongo wake ulikuwa umeanza kukopa kwenye viungo vingine.

Mikono ina habari yake. Kuvunja kompresa ni mapigo mazito machache. Kufungua kompyuta ni skrubu nyingi ndogo, na kila skrubu inadai kifundo cha mkono kigeuzwe huku vidole vikibana. Mpini wa bisibisi ukiwa mwembamba unabanwa kwa nguvu zaidi, na hizi tunazouziwa kwa bei ya chee zote ni nyembamba. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia finyu ambamo kano tisa na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu hupita pamoja. Kano zikivimba, anayebanwa ni mshipa. Dalili huanza usiku. Mtu anaamka dole gumba na vidole viwili vinavyolifuata vikiwa na ganzi, anakung'uta mkono kama anayekausha maji, analala tena. Kwa kuwa asubuhi mkono unafanya kazi, hausemwi popote. Mjomba aliukung'uta wake kwa miaka.

Wafadhili fulani waliwahi kutuletea glovu. Zilikuwa nene, nzuri, na kubwa kuliko mikono ya karibu kila mtu pale. Glovu nene humpunguzia mtu nguvu za kushika, maana sehemu ya kubana kwake inaishia kwenye glovu yenyewe, na ncha za vidole hazijui tena kama skrubu imekamata au inateleza. Baada ya wiki moja zilikuwa zimevaliwa na wapakiaji wa magari, ambao kwa kweli ndio waliozihitaji, na aliyekuja kutukagua akaandika, nadhani, kwamba elimu zaidi inahitajika.

Dhana hiyo ya elimu ndiyo nimekuwa nikigombana nayo tangu nihitimu. Nilirudi uwanjani nikiwa na jibu tayari: meza. Kazi ikiinuliwa kutoka ardhini hadi usawa wa kiuno, mgongo unanyooka, alama ya RULA inashuka, kila kitu kinakaa sawa. Tukatengeneza meza ya mbao. Siku ya kwanza kijana aliweka kompresa juu yake, akapiga, na kompresa ikaruka kama chapati. Meza ilikuwa imelimeza pigo. Ilibidi apige mara mbili zaidi kwa kazi ileile, na kufikia mchana alikuwa amerudi chini, akaniambia kwa upole kwamba ardhi haitikisiki. Alikuwa sahihi kuliko vitabu vyangu. Watu wale hawakukaa chini kwa ujinga. Walikaa chini kwa sababu ardhi ndiyo fuawe pekee waliyokuwa nayo bure.

Wahunzi walilijua hilo zamani. Fuawe la mhunzi hukaa juu ya gogo zito lililosimamishwa, na kimo chake hukadiriwa kwa mhunzi mwenyewe: asimame wima, mkono uning'inie, uso wa fuawe ufikie ngumi zake. Tulitafuta gogo la mwembe lililokatwa karibu na pale, tukalifukia kidogo ili lisicheze, tukapigilia juu yake pete ya chuma iliyokatwa kutoka kwenye rimu ili kompresa isiviringike na mguu wa kushoto usihitajike tena. Mambo matatu yakabadilika kwa mpigo: mgongo ukanyooka, mguu ukatoka njiani pa nyundo, na mafuta yakaanza kumwagikia ndoo badala ya mchanga ambao watu waliukalia. Kazi haikuwa nyepesi. Mabega yalianza kuuma kwa wale wafupi, ambao gogo liliwafika juu mno, na kwa skrubu ndogo lilikuwa halifai kitu, kwani kazi ya kutazama kwa karibu inataka meza ya juu na kazi ya nguvu inataka ya chini. Ile meza yangu ya mbao ikapata kazi yake hapo, kwenye kompyuta na simu.

Hata hivyo gogo halikugusa jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote, yaani kilo. Mvunjaji halipwi kwa saa. Analipwa kwa kilo ya shaba, ya alumini, ya chuma na ya bodi, na gari la mnunuzi linakuja jioni. Dakika kumi za kujinyoosha ni dakika kumi ambazo kompresa haikufunguka. Nimewahi kumshauri mgonjwa apumzike kila baada ya nusu saa, akaniuliza kama nitamlipa mimi hiyo nusu saa; hakuwa mjeuri, alikuwa anauliza. Ukiuangalia mkao wa mtu bila kuuangalia ulipaji wake, unaona mtu asiyejali mgongo wake. Ukiviangalia pamoja, unaona mtu anayejua vizuri bei ya kila kimoja.

Shirika la Kazi Duniani liliyaweka maumivu ya misuli na mifupa, pamoja na ile ganzi ya kifundo cha mkono, kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazi ya mwaka 2010. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Lakini mfuko unachangiwa na mwajiri, na mwajiri wa mvunja kompresa ni nani? Mjomba angekuambia kwamba yeye si mwajiri wa mtu, anakodisha kivuli na mzani. Vijana wangekuambia wamejiajiri. Mnunuzi wa shaba hawajui hata kwa majina.

Kazi yenyewe nayo inabadilika kabla hatujaielewa. Televisheni za chogo zinakwisha, na migongo iliyozibeba imepata nafuu, lakini televisheni bapa ina upana unaomlazimisha mtu kulala juu yake ili aifikie skrubu ya upande wa pili, na simu za siku hizi zimegundishwa kwa gundi, si skrubu, hivyo betri inabanduliwa kwa kuchokonolewa, shingo ikiwa imeinama na pumzi imezuiwa, kwa sababu betri ikitobolewa inawaka. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia Februari 2027 betri ndogo za kubebeka zilizomo kwenye vifaa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kwa zana za kawaida. Sheria ile haikuandikwa kwa ajili ya vifundo vya mikono vya watu wa Buguruni au Tandika, ila simu zilizotumika Ulaya zinafika huku, na zitakapochakaa mara ya pili, mikono hiyo ndiyo itakayopata afueni.

Uwanja wa mjomba haupo tena pale. Mwenye kiwanja alitaka kujenga, tukapewa wiki mbili, na vitu vyote vikahamishwa kwa guta: mzani, ndoo, meza ya mbao, magunia. Gogo lilibaki. Halikubebeka, na hata lingebebeka hakuna ambaye angelipia safari yake. Nilipokwenda kuwaona mahali papya walikuwa wote wamekaa chini. Miezi michache baadaye kijana yule aliyeniambia "tisa" alimimina zege ndani ya rimu mbili za lori zilizopangwa juu kwa juu, akaacha tundu katikati la kukalia kompresa. Likipinduliwa ubavu linaviringika, kwa hiyo wakifukuzwa tena wataondoka nalo. Nilimwambia ni fupi mno kwake, atainama bado. Jumamosi iliyofuata nilikuta ameweka chini yake matofali, na kijana mfupi anayefanya kazi zamu ya mchana alikuwa ameanza kumlalamikia ayatoe.